Kompyuta Iliyokataa Kusema Imebaki Vifungo

Huyu Barasa mnayemsikia anatengenezea maduka programu huko Gitothua, Ruiru, ni mpwa wangu, na hiyo akili ameitoa upande wetu. Mimi shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha. Lakini mteja wa kwanza alipewa na nani? Mimi.

Alikuwa ameacha kazi ya kufunga biskuti kiwandani Thika, akakodi chumba juu ya agroveti, duka la dawa za mifugo, eti anaandikia biashara ndogo programu. Mteja akikosekana, ni kurudi kwa biskuti. Nikampeleka kwa Nadira, fundi wa nguo ambaye kina mama wa Ruiru wanamjua kwa mshono na kwa uongo.

Uongo wenyewe si wa ubaya, ni wa kazi. Hata nguo haijakatwa, Nadira atakwambia, "Imebaki vifungo tu, mpenzi."

Barasa akamtengenezea programu safi. Nadira anaandika kwenye kompyuta nguo imefika wapi, na kila asubuhi mteja anatumiwa ujumbe kwa simu. Kuhusu vifungo, kijana hakuuliza mtu.

Jumatatu, Amida, ambaye bintiye alikuwa anaolewa wiki hiyo, akasoma: "Mteja mpendwa, kitambaa chako hakijakatwa." Wengine nao wakapata zao. Duka likajaa kama zahanati siku ya chanjo.

"Nadira! Vifungo gani vinashonwa kwa kitambaa kizima?" Amida akafoka.

Nadira akampigia Barasa. "Kijana, umeniuza! Kesho njoo utoe hii takataka yako!"

Nikampa mpwa wangu ushauri wa bure. "Ifundishe kudanganya, basi."

"Mjomba, hiyo kazi Nadira anaifanya mwenyewe, tena bila umeme."

Kesho yake akaenda, lakini badala ya kuitoa akaomba akae pembeni aangalie. Akaona kitu: Nadira hajui kukataa mtu. Kila anayeingia na kitambaa anaambiwa, "Sawa, mpenzi, Ijumaa." Ijumaa ya watu wote!

Barasa akaibadilisha programu hapo hapo. Sasa ukileta kitambaa, kompyuta inaangalia kazi iliyotangulia, inatoa tarehe yenyewe.

Akaingia Benta wa kwaya. "Nataka Ijumaa."

Nadira akamgeuzia skrini. "Mimi ningekushonea hata leo. Kompyuta ndiyo imekataa."

"Haiwezi kubembelezwa?"

"Hii? Haina roho."

Benta akaitazama vibaya, akakubali mwezi ujao. Nadira akapata nafasi, gauni la Amida likaisha kabla ya harusi.

"Kwa hivyo niitoe?" Barasa akauliza.

"Iguse uone!"

Biskuti zifungwe na wengine. Juzi nami nikapeleka suruali ipunguzwe kiuno, nikamkumbusha Nadira ni nani alimletea Barasa. Akatazama skrini kwa huzuni kama mtu wa matanga.

"Pole, Mzee. Kompyuta imekataa."

Na mtaa mzima haukuwa na umeme tangu asubuhi.