Kifua cha Mbanika Samaki

Jirani yetu mbanika samaki hunuka moshi hata akienda kanisani. Mikono yake haitulii: anageuza samaki juu ya waya kwa vidole vitupu, anapandisha kitenge kilichoteleza kifuani, anageuza tena. Tangu akatwe matiti yote mawili, hakuna fundo linaloshika pale. Kabla ya hapo, watoto wa ua huu wote walibembelezwa kwenye kifua hicho. Mama zao wakienda sokoni, aliwapa titi lake kavu, wakanyonya patupu hadi wakalala, naye akiwatania, "Nyonya, mwizi wewe."

Jana Araba, mama mwenzetu wa hapa uani, alichelewa kurudi kutoka soko la Kotokuraba, na mwanawe akalia mpaka sauti ikamkauka. Tulimpokezana sisi kwa sisi. Hakuna aliyethubutu kumpa bibi yule. Akajifuta masizi, akaja kumchukua mwenyewe. Mtoto akasaka kwa mdomo juu ya blauzi iliyolala bapa, upande huu, kisha ule, akakunja uso.

"Tafuta tu, mume wangu," akamwambia taratibu, akimpigapiga mgongoni. "Hata mimi nikiamka huwa nayatafuta."