Ujuzi wa tatu wa askari wa Robi

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa ziwani.

Mimi ni mama mzee, wajukuu huniita dani. Huwa nasoma tu humu bila kuandika. Leo naandika na vidole vyangu vinauma, kwa hivyo mnivumilie. Nitakachosema nilikiona kwa macho yangu. Asiyeniamini sitamlaumu, lakini sijaongeza chumvi.

Juzi mjukuu wangu alikuwa na game kwenye simu. Ni ile ya kusafiri nchi za ajabu na shujaa anayekusindikiza, na wewe ndiye unamchagulia skills. Akaniuliza, "Dani, nimpe gani? Upanga, ngao, ama kuponya watu? Ukichagua huwezi kubadilisha."

Nikainuka nikatoka nje. Alidhani nimekasirika.

Wakuu, mimi niliucheza mchezo huo miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya. Hatukuwa na simu wala umeme. Tulikuwa wasichana wawili kwenye wadi ya watoto, hospitali ya misheni upande wa Homa Bay.

Mimi nilitoka Mbita. Mfupa wa mguu wangu ulikuwa umeoza kwa ndani, unatoa usaha. Baba, ambaye alikuwa mvuvi, alinileta kwa mashua akarudi kwa nyavu zake.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Robi. Yeye alikuwa Mkuria, kwao ni mbele ya Migori karibu na mpaka. Ugonjwa wake ulikuwa moyo. Akitembea hadi mlangoni anashika ukuta na kuhema kama mtu aliyepanda mlima.

Wengine wote wadini walikuwa Wajaluo. Robi hakujua Dholuo, mimi sikujua Kikuria. Tukakutana kwenye Kiswahili, tena Kiswahili cha kuvunjavunja, cha watoto wa shamba.

Mchezo ulianza hivyo hivyo tu. Nilimwambia hadithi za kwetu za watu wanaoishi chini ya ziwa, na ng'ombe zao, na mji wao. Robi akasema, "Basi twende huko."

Tukaenda. Kila siku baada ya chakula cha mchana, manesi wakipumzika, tulisafiri. Tulikuwa na mbegu za ajua, ile bao yetu. Ukikutana na nyoka au mto unachota mbegu kwenye ngumi. Zikigawanyika mbili mbili umevuka, moja ikibaki umeumia.

Kila mmoja alikuwa na askari wa kutembea naye. Askari wako unampa ujuzi tatu, na ukishatamka hakuna kurudi nyuma. Hiyo sheria niliitunga mimi.

Wangu nilimpa mkuki, kuogelea na kuwasha moto. Sikufikiria hata.

Robi alifikiria kwanza, halafu akasema, "Yangu anajua kubeba mtu bila kuchoka."

Nikamwambia hiyo si ujuzi, hiyo ni punda. Tulicheka mpaka akashika kifua.

Ujuzi wa pili akasema, "Anajua lugha zote." Huo niliukubali, maana kule chini ya ziwa nani angetuelewa?

Wa tatu akakataa kusema. "Nitachagua baadaye."

Nilimsumbua sana. Tukifika mbele ya zimwi namwambia chagua, askari wako ana mikono mitupu, tutaliwa! Anatikisa kichwa tu. Mara nyingi askari wangu ndiye alipigana, wake akitubeba sisi sote wawili.

Niseme pia kwamba katika kucheza alinifundisha Kikuria kidogo. Baba, njia, kulala, kuamka, maji, hapana. Maneno ya safari. Mimi nilimfundisha ya kwetu.

Ok. Sasa nifike pale palipo pagumu.

Siku moja baba yake alikuja. Mtu mrefu, mwembamba, koti kubwa, miguu imejaa vumbi. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na maneno machache tu.

Daktari alikuwa mzungu. Alisema kwa Kiingereza, nesi Awuor akageuza Kiswahili. Baba Robi hakuelewa. Nesi akatoka kutafuta Mkuria mwingine, akauliza jikoni, akauliza wadi ya wanaume. Hakupata mtu. Daktari naye alikuwa anasubiriwa kwingine.

Yule mzee akamwonyesha Robi kwa kidole. Akasema, "Huyu ataniambia."

Nesi Awuor alimtazama daktari. Daktari hakuwa ameelewa shida ni nini. Akarudia maneno yake, na nesi akayasema akiangalia sakafu.

"Mwambie baba, moyo wako umeharibika. Hapa hakuna dawa ya kuutengeneza. Tutakupunguzia maumivu tu."

Wakuu, mtoto aliambiwa kifo chake ili akisafirishe.

Robi aliinua uso. Akaongea na baba yake kwa Kikuria, pole pole, sauti haikutetemeka. Baba yake akasikiliza. Halafu nikaona kitu ambacho sikukitarajia: yule mzee alitabasamu! Akamshika kichwa, akamshukuru nesi, akamshukuru na daktari kwa mikono miwili. Akaondoka na hatua nyepesi.

Nesi alidhani Wakuria ndivyo wanavyopokea msiba. Mimi nilijua sivyo.

Nikamuuliza, "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nitapona. Akimaliza kupanda mahindi, akuje anichukue."

"Robi! Akikuja atakuta nini?"

"Atakuta amepanda."

Sikuelewa. Akanieleza kama anamweleza mtoto, na tulikuwa rika moja. Mvua ilikuwa inakaribia. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga. Baba akijua ukweli atakaa hapa kando ya kitanda mpaka mwisho, shamba litabaki nyasi, na wale wengine nyumbani watalala njaa. "Mimi nitakufa hata akikaa," akasema. "Sasa akae kwa nini?"

Akaniambia nisimwambie nesi. Sikumwambia.

Mvua ikaja. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya hasira, mito ikafurika, tukasikia daraja la njia ya Migori halipitiki. Miguu ya Robi ikavimba. Akawa analala ameketi, mito ya kulalia nyuma ya mgongo. Mchezo tuliendelea nao, lakini mimi ndiye nilikuwa nachota mbegu, yeye anasema ndiyo au hapana.

Alasiri moja tulikuwa tumefika lango la mji wa chini ya ziwa. Kulikuwa na mlinzi pale, nilimtunga mwenyewe. Robi akasema, "Sasa nachagua ya tatu."

Nilifurahi. Nilidhani ni upanga.

"Ajue kumwambia mtu habari mbaya," akasema. "Mimi imenishinda."

Sikuchota mbegu tena siku ile. Hatukuingia ule mji.

Robi alifariki kukipambazuka, mvua ikinyesha. Njia ilikuwa imekatika, na wakati ule hakukuwa na pa kupiga simu. Misheni wakangoja walivyoweza, kisha wakamzika nyuma ya kanisa. Kitanda chake kikapewa mtoto mwingine, wa malaria.

Baba yake alikuja mahindi yalipofika magotini.

Alikuja na baiskeli. Nyuma kwenye carrier alikuwa amefunga gunia la nyasi laini, kiti cha Robi. Aliiegemeza chini ya dirisha letu, nikaliona lile gunia kabla sijamwona yeye.

Akaingia akitabasamu. Akaenda moja kwa moja kwa kile kitanda, akamkuta mtoto wa watu.

Nesi Awuor akaanza Kiswahili. "Mzee, pole, si tulikuambia..." Yule mzee anamtazama mdomo tu. Halafu akanigeukia mimi. Wadi nzima ilinigeukia.

Nilikuwa na maneno gani? Yale ya safari tu. Nikasema kwa Kikuria: Baba. Robi. Kulala. Kuamka, hapana.

Nikayasema tena, nikionyesha kile kitanda.

Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Yeye alijua?"

"Alijua."

"Siku ile?"

"Siku ile."

Hakulia. Afadhali angelia. Akaketi sakafuni na lile koti, akaweka paji la uso kwenye chuma cha kitanda. Yule mtoto wa malaria akaanza kulia kwa woga.

Baadaye nesi akampeleka kaburini. Nilimwona kwa dirisha akiondoka. Lile gunia hakulifungua. Baiskeli hakuipanda, aliisukuma kwa mkono, na njia ya Kuria si ya kutembea.

Mguu wangu ulipona kiasi, nachechemea hadi leo. Nilipokuwa mtu mzima nilienda Migori, nikavuka hadi Kuria, nikauliza ukoo kwa ukoo. Kila boma lina Robi. Sikumpata mtu wake hata mmoja.

Mtu asiniambie yule mtoto alikuwa shujaa. Nimeambiwa hivyo kanisani, sikufarijika. Alikuwa mtoto mgonjwa aliyebebeshwa kazi ya watu wazima, na baba yake alinyimwa siku za mwisho za binti yake kwa sababu hakukuwa na mtu mmoja wa kumwambia kwa lugha yake. Mahindi yalimea, ndiyo. Sijui kama aliweza kuyala.

Funzo langu ni moja. Nyinyi madaktari, manesi, machifu, walimu mlio humu: msimpe mtoto ujumbe wa kifo aubebe. Tafuteni mtu mzima. Hakuna? Tafuteni tena, hata kama watu wanawasubiri.

Nami nimezika mume na watoto wawili tangu hapo, na kila mara ni mimi niliyetumwa kuwaambia wengine. Sijajua bado inasemwaje.

Kama kuna aliyewahi kuletewa habari mbaya na ikasemwa vizuri, aniandikie hapo chini ilisemwaje. Nitasoma zote, hata nikichelewa kujibu.