Siku Tisa Kwenye Kisiwa Kilichofungwa na Karani

Kwa miaka miwili niliwafundisha watoto wa Kibimba kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Nililisema hilo kwa sauti ya mtu aliyezunguka dunia, ingawa maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya mto Ruvubu, tena nikiwa juu ya kilima. Katika shule ya misheni nilisoma pia habari za mabaharia wa zamani walioachwa peke yao kwenye visiwa visivyo na watu. Mmoja aliishi kwa nyama ya mbuzi mwitu, mwingine kwa mayai ya kasa, na wote, kwa maelezo ya mwalimu wangu, waliokolewa na Biblia. Niliwaonea wivu. Nilikuwa kijana na chakula nilipikiwa.

Miaka ile nchi ilikuwa mikononi mwa Mwingereza. Nikahamishiwa shule mpya kando ya ziwa, upande wa Biharamulo. Njia ya nchi kavu ilipita kwenye pori la mbung'o, kwa hiyo tukapanda mtumbwi. Abiria tulikuwa watatu. Mimi na sanduku langu la vitabu. Karani wa boma, kijana wa familia ya wafanyabiashara Waislamu wa mjini Biharamulo, aliyetukumbusha kila baada ya makasia kumi kwamba babu zake walitoka pwani na maji yalikuwa damuni mwake. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Na mama mmoja wa Kizinza, mfinyanzi, aliyekuwa akimpelekea binti yake vyungu. Nilimwamkia shikamoo; akaitikia marahaba bila kunitazama, kwa kuwa alikuwa akitazama maji yaliyokuwa yakituingia miguuni.

Mbao za mtumbwi ule zilishonwa kwa kamba, na kamba moja ilikuwa imekata tamaa. Wapiga makasia wakatushusha kwenye kisiwa cha karibu, sisi na mizigo yetu, ili wavuke na mtumbwi mwepesi, waushone, warudi.

"Kabla ya alasiri tutakuwa hapa," alisema mkubwa wao.

Hakusema alasiri ya siku gani.

Jua lilipokaribia kuzama, karani aliona ni wajibu wake kutueleza hali ilivyo.

"Kisiwa hiki kimefungwa," alisema. "Kwa sababu ya malale. Watu wote wamehamishwa, na ni marufuku mtumbwi wowote kukikaribia."

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Tangazo nililinakili mimi mwenyewe. Nakala sita, bila kosa hata moja."

Alisema kwa fahari. Kisha nikaona uso wake ukibadilika polepole, alipoanza kuelewa maana ya maneno aliyoyaandika kwa mwandiko mzuri namna ile. Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na sikupenda.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi nimezaliwa hapa. Askari alikuja akatusomea karatasi, tukaondoka na watoto mgongoni. Tulidhani imeandikwa na mtu mzima."

Karani akageuka kutafuta kiberiti awashe moto.

Kiberiti chake kilikuwa kimelowa. Sisi wasomi wawili tukajadiliana kwa kina kama njiti zikianikwa hurudia hali yake. Tulipohitimisha, mama alikuwa amekwisha pekecha moto kwa vijiti na chungu kiko jikoni. Asubuhi alitupeleka kwenye shamba lake. Magugu yalikuwa yameimeza migomba, lakini ndizi zilikuwepo, na viazi vitamu vilikuwa vimetambaa hadi mlangoni kwa jirani ambaye hakuwepo. Akakata matete, akasuka mgono wa kutegea samaki, akamkabidhi mzao wa mabaharia autege. Maji yalipomfika magotini, karani aliita jina la Mungu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Kaniha, mbali huko bara.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Kwetu, enzi hizo, samaki alihesabiwa kuwa jamaa wa nyoka. Nilimweleza mama jambo hilo kwa heshima zote.

"Usile, mwanangu," alisema. "Atabaki mwingi."

Siku mbili nilishikilia mila. Siku ya tatu nilikula ngege wawili na kichwa cha wa tatu, nikanyonya na mifupa. Mila haikusema kitu.

Sitajifanya kwamba tulikuwa mashujaa. Mbung'o walituuma mchana kutwa, na kila asubuhi karani alijipapasa shingo akitafuta uvimbe wa malale, kisha akaja kuipapasa yangu. Siku ya tano nilijificha nyuma ya mti nikalia kama mtoto. Nilipotoka nilimkuta mama akifagia. Nyumba yake ilikuwa imechomwa ili asirudi. Yalibaki mafiga matatu na kaburi la mumewe, na yeye alikuwa akifagia uwanja.

"Mama, unamfagilia nani?" karani aliuliza.

"Mwenye nyumba," alisema, akionyesha kaburi kwa ufagio.

Karani akavua viatu vyake vya boma, akaanza kung'oa majani kando ya kaburi. Aling'oa mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi akaendelea. Tangu siku hiyo hatukusikia tena habari za babu zake.

Siku ya tisa askari wa afya aliona moshi wetu, akaja kutukamata. Kutuokoa halikuwa wazo lake. Wapiga makasia walikuwa wamenyamaza, wakihofia jela kwa kutushusha pale, na kwa wema huo wakatuacha tufe kisheria.

"Mna kibali?" askari aliuliza. "Amri inasema yeyote atakayeonekana katika kisiwa hiki..."

"...bila idhini ya maandishi ya Bwana Shauri," karani akammalizia, macho chini.

Mama alikataa kupanda mtumbwi. Askari alifoka, mimi nikasihi, kazi bure. Karani ndiye aliyepiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Karatasi ile niliiandika bila kuisoma. Binti yako anakungoja."

 Mama akaufunga uwanja wake kwa tawi la mwiba, akaja.

Katika kambi ya malale tulichunguzwa shingo na damu kwa wiki mbili. Hatukuwa na ugonjwa. Tulikuwa na kosa tu, na kwa kuwa hapakuwa na mwenye mwandiko bora kuliko wake kambini, karani aliamriwa aandike mashtaka yetu sote, pamoja na yake. Penye sababu ya mama kuwemo kisiwani, aliandika: ni kwake. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alilikata neno hilo kwa wino mwekundu, akatuachia kwa onyo.

Tulimsindikiza mama na vyungu vyake kwa mtumbwi hadi kwa binti yake, ambaye alitoka mbio, mtoto mchanga mgongoni, akilia na kugomba kwa pamoja.

"Tulikwisha kukulilia! Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani," alisema mama. "Nilipata wageni."

Kisha akatugeukia, akatuonyesha vyungu vilivyobaki ufukoni, na kilima cha kuvipandishia.