Mtafuta Malisho Niliyemtuma Barbados

Mimi nimeuza ngamia tangu sijui kusoma saa, nikajenga ghorofa hapa Garissa kwa darasa la tatu peke yake, na nilikuwa nasema duniani hakuna kitu cha kunishangaza. Basi nikaaibika mbele ya soko zima, tena aibu ya kujitafutia.

Nilimwahidi mke wangu Fardosa likizo Barbados, kisiwa cha huko Karibi, maana miaka ishirini na mbili ya ndoa safari yake ndefu ilikuwa Wajir, tena kwa mazishi. Wakala wa tiketi akanionyesha picha za bahari kwenye simu, nikamwambia sijawahi kununua ngamia kwa picha. Sisi hatuhamishi hata mbuzi bila kutanguliza sahan, yule mtu wa kwenda kuangalia malisho na maji, kwa hivyo nikamtuma Dahir, kaka ya Fardosa, mtu wa Hadado asiyekosea nyasi (wallahi niliona hiyo ndiyo akili). Nilimpa siku tatu, akakaa kumi na mbili, kila jioni video kwenye grupu ya ukoo, amevaa kofia ya majani, anakunywa dafu, anasema upande wa magharibi bado hajauchunguza.

Aliporudi nikachinja mbuzi wawili, nikaita wazee na wafanyabiashara wa soko la mifugo waje wasikie nampeleka mke wangu wapi. Dahir akasimama, akasema nyasi ziko mpaka magoti, maji mpaka macho yachoke, lakini yote ya chumvi. Nikamuuliza, na kitanda je? Na chakula cha dada yako?

"Shemeji, hayo hukunituma. Ulisema niangalie kama panafaa. Mifugo itakufa kwa kiu."

Wazee wakatafuna nyama yangu, wakakata shauri: neno la sahan halipingwi, hakuna kuhama.

Ndipo Fardosa akasema kutoka mlangoni, taratibu, "Baba Hafsa, sahan mmoja anaweza kukosea. Nitume mimi."

Walicheka mpaka chai ikamwagika, na mimi mbele za watu ningekataa vipi? Akaenda na dada yake (eti sahan wa kike haendi peke yake), nikabaki na mbuzi, natafuta kiberiti ndani ya jiko langu mwenyewe mpaka nikaenda kununua kingine. Siku ya nane nikampigia simu, lini unarudi? Akasema upande wa magharibi bado.

Nimeapa: nyasi nitatuma mtu, raha nitaifuata mwenyewe. Jumla, tiketi tatu, hoteli, mbuzi wawili na kile kiberiti: shilingi milioni moja, laki mbili, elfu kumi na sita na kumi.