Magoti na Tumbo la Ustadhi Athumani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba cha wagonjwa wa nje pale Handeni, Tabibu Mfawidhi alinikabidhi kipimio cha kusikilizia kifua kilichofungwa plasta na kiti kisicho na egemeo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, asiyependa kukaa. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia akaniambia, "Rehema, watu watakuja na mambo kumi. Wewe shika moja, lile linalowauma zaidi. Ukisikiliza yote, jioni itakukuta na watu nje."

Nilimtii. Nilikuwa afisa tabibu, yaani si daktari kamili wala si muuguzi. Vijijini tunaitwa madaktari kwa sababu mara nyingi hakuna mwingine. Kila mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, nasi tukaandika humo maradhi na dawa, tukatia saini. Niliandika upesi. Mganga Mkuu wa Wilaya alipotukagua alisema mbele ya wenzangu, "Foleni ya Rehema haikai." Nilitembea na sifa ile miaka mingi, nikiitangaza hata nyumbani kwa watoto wangu. Siku hizi nikiikumbuka natamani nisingeisikia.

Nilipohamishiwa zahanati ya Kwedizinga nikawa ndiye mkubwa wa pale. Huko ndiko nilikokutana na Ustadhi Athumani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, akilima mahindi asubuhi na kufundisha watoto Kurani alasiri. Imamu akisafiri, yeye ndiye aliyeswalisha. Alikuja akichechemea. Goti la kulia lilikuwa limevimba, la moto ukiligusa, na kifundo cha mguu uleule kimejaa. Nikaandika "baridi yabisi", jina tunalolipa karibu kila maumivu ya viungo, nikampa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Wiki alizozidiwa nilimchoma sindano ya dawa hiyohiyo.

Alipata nafuu siku chache, kisha akarudi, goti la kushoto nalo limevimba. Safari nyingine jicho lilikuwa jekundu, nikampa dawa ya matone. Safari nyingine suruali ilimpwaya, nikamwambia ale vizuri. Kila kitu nilikiona, na kila kimoja nilikipa dawa yake.

Watu wakisikia habari hii hunifariji. Husema kijana yule, tena mwalimu wa dini, asingeweza kumweleza mwanamke mambo ya chooni. Ningependa iwe hivyo. Lakini alisema. Siku ile benchi la nje lilikuwa limejaa, akina mama wa wanafunzi wake wamekaa hadi mlangoni, na mlango wenyewe ulikuwa wazi. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia. Akasimama, akashika ukingo wa meza, akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, na tumbo nalo. Nikienda haja natoa..."

"Ustadhi," nikamkatiza, "leo umekuja na magoti. Tumbo lilete siku nyingine."

Nje kuna aliyecheka. Athumani akachukua daftari lake, akasema ahsante, akatoka. Hakulitaja tena tumbo mbele yangu.

Baadaye nikasikia maneno. Kwamba akiswalisha huacha swala katikati na kutoka mbio. Kwamba ametupiwa kitu. Mwingine alisema imani imemtoka. Wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao chuoni kwake. Mkewe, Mwanahamisi, akaja peke yake kuniomba. "Daktari, mpe dawa kali zaidi. Hasimami, hakai." Nilimwongezea diklofenaki. Sikumuuliza mama yule swali hata moja kuhusu mumewe anavyokula, anavyolala, anakwenda chooni mara ngapi.

Kisha nikapata uhamisho kwenda hospitali moja mjini Korogwe, nikapanga nyumba Old Korogwe, karibu na mto. Miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja, nilikuwa nimekaa na wenzangu pembeni ya Daktari Bingwa wa magonjwa ya ndani, mwanamke mkimya aliyekuwa akija kutufundisha, mlango ukafunguka. Athumani aliingizwa kwenye kiti cha magurudumu, Mwanahamisi akisukuma. Viganja vya Athumani vilikuwa vyeupe kama karatasi kwa kuishiwa damu. Macho yetu yakakutana.

Daktari Bingwa hakuanza na dawa. Alifunga mlango, akavuta kiti mpaka karibu, akauliza, "Magoti yakivimba, tumbo huwaje?"

Athumani akasema, akitazama sakafu, "Huja pamoja. Naharisha damu, mara nane, mara kumi kwa siku. Udhu haukai. Yapata mwaka wa tatu sasa."

Daktari akatugeukia sisi tuliokuwa tunajifunza. Akaeleza kwamba kuna maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe. Hufanya vidonda ndani ya utumbo, na wakati huohuo huweza kuvimbisha magoti, vifundo, mgongo, hata macho. Mgonjwa hudhani ana magonjwa matatu kumbe ni ugonjwa mmoja. Akasema pia kwamba zile dawa zetu za kutuliza viungo, kama diklofenaki, huweza kuuchokoza utumbo ulio na vidonda ukazidi kuvuja damu.

"Umekuwa ukitumia dawa gani?" akauliza.

"Diklofenaki."

"Nani alikuwa akikupa?"

Daftari lilikuwa mapajani mwa Mwanahamisi. Mwandiko wangu ulijaa humo, na saini yangu. Athumani akaniangalia, si kwa hasira. Akasema, "Huko zahanati."

Daktari akaandika. Nami nikanyamaza. Ilikuwa rahisi kusema, "Ni mimi." Maneno mawili tu. Nilishika kalamu yangu nikajifanya naandika somo.

Walimwongezea damu, wakampeleka hospitali kubwa. Huko waliingiza kamera, wakakuta utumbo mpana wote ni vidonda. Vidonge vya kupoza kinga vilimsaidia kwa muda, kisha vikashindwa, ikabidi wautoe utumbo mpana. Tangu hapo choo chake hutoka kwa tundu la tumboni, kwenye mfuko anaoubadilisha mwenyewe. Na magoti, yale niliyoyatibu kwa sindano miaka yote, yakanywea bila sindano. Nilimuuliza Daktari Bingwa, kama vile nauliza kwa ajili ya masomo, iwapo diklofenaki ndiyo iliyomfikisha pale. Alisema hakuna awezaye kujua. Huenda ugonjwa ungefika hapo hata hivyo. Nililala na jibu hilo miaka mingi, kila nikigeuka linanichoma upande mwingine.

Nilistaafu kwa heshima. Nilipewa kanga na cheti, na msimamizi wangu wa mwisho akasoma hotuba kuhusu uchapakazi wangu. Wiki ileile nilisafiri kwenda Kwedizinga.

Nilimkuta Athumani ameketi kivulini na watoto sita. Alisimama, bila kuchechemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ustadhi."

Aliwaruhusu watoto waende. Nikamwambia yote: siku niliyomkatiza, mlango uliokuwa wazi, dawa niliyomwongezea, ukimya wangu kule Korogwe.

"Siku ile ya tumbo naikumbuka," alisema. "Nilikaa miezi nikitafuta namna ya kuyasema yale mbele yako. Njiani nilikuwa nayarudia kama mtoto anayehifadhi sura. Uliponikatiza sikukasirika, mama. Nilidhani nimesema jambo la aibu."

"Na Korogwe? Mbona hukunitaja?"

"Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe."

Nikaomba radhi. Akanisamehe, kwa maneno machache na bila kujifanya kwamba hapakuwa na kosa. Aliniambia bado haongozi swala; ameambiwa na masheikh kwamba yeye huswali kwa udhuru, kwa kuwa mfuko haumwachi abaki na udhu. Alisema hivyo kwa utulivu, lakini aliangalia pembeni.

Vijana mnaoanza kazi hii huniomba niwaeleze tulivyofanya zamani, tulivyohudumia watu wengi kwa vifaa vichache. Ni kweli, tulifanya. Lakini nikiulizwa nilichojifunza, hujibu kwamba goti linaweza kuwa habari ya utumbo, na kwamba mgonjwa mwenye uvimbe wa viungo aulizwe choo chake, mlango ukiwa umefungwa, na aachwe amalize sentensi yake. Nilijua kufunga mlango. Nilijua kusikiliza. Wala sikuhitaji kifaa.

Na kama Daktari Bingwa yule bado anasoma maandishi ya watu, ajue kwamba lile swali lake lilikuwa na jibu. Ni mimi.