Pete Tisa za Chokaa

Mti wa kwanza ulikuwa rahisi mno, na nilimwambia baba hivyo usoni. Ulikuwa mkorosho mnene, umeinama upande mmoja kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda, hatua ishirini tu kutoka mlangoni. Hata kuku angeupiga. Baba alikataa kuubadilisha. Alisema mtu akianza siku kwa kukosa, atakosa mpaka jioni.

Uwanja wetu ulikuwa na miti tisa, yote ndani ya shamba la baba, juu ya vilima vya Kisarawe. Unasimama mlangoni, unarusha kisahani kuelekea mkorosho. Kikianguka njiani, unakifuata, unarusha tena kutoka pale kilipoangukia, mpaka kigonge shina. Kikishagonga unageukia mti wa pili. Ukimaliza yote tisa, unahesabu umerusha mara ngapi. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi, na aliyeshindwa anapika. Tangu mama afariki, baba alikuwa mpishi mbaya, kwa hiyo nilijitahidi sana kushindwa.

Kisahani chenyewe kilitoka Kibaha, ambako nilikuwa mchapaji katika ofisi ya serikali. Mwalimu mmoja wa kigeni alikuwa anarudi kwao, akagawa vitu vyake kwa majirani. Wenzangu walipata sufuria, chandarua na viti. Mimi nilichelewa, nikaambulia kisahani chekundu cha plastiki, chepesi, cha watoto kurushiana michezoni. Nikampelekea baba afunikie chakula. Wiki ile ile kima akaingia kwenye mfenesi. Baba, kwa hasira, akakamata kilichokuwa karibu na mkono, akarusha. Kima hakuguswa. Kisahani kilielea, kikapinda taratibu, kikaenda kugonga shina la mkwaju uliokuwa mbali kabisa. Jumamosi nilipofika alinisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyegundua moto. Mchuzi wake ulikuwa umeingia majivu kwa kukosa kifuniko, lakini hilo halikumsumbua.

"Wewe si mtu wa ofisi?" aliniambia tulipokwisha kuchagua miti yote tisa. "Basi uandikie taarifa uwanja huu, watu wajue ukoje."

Nikaandika kweli. Niliichapa kwa mashine ya serikali saa ya chakula, nikijificha nyuma ya kabati la mafaili. Nilisema mti wa kwanza ni aibu. Nilisema mfenesi, mti wa nne, unawafaa wenye subira tu, kwa kuwa mafenesi yanapokea kisahani badala ya shina, nawe unabaki chini unatazama juu kama mjinga. Mti wa sita, mchungwa, niliupa sifa mbaya kwa sababu ya miiba, baba akanuna, maana aliupanda yeye na mama mwaka waliooana. Mti wa saba, mkwaju, sikuona kasoro. Ulisimama ukingoni mwa kilima, na ukiufikia asubuhi baada ya mvua unaona msitu wote chini, kisha mji wa Dar es Salaam, kisha mstari wa bahari. Pale hata mimi nisiyejua kunyamaza nilinyamaza. Baba aliitunza karatasi ile ndani ya Biblia, na kila mgeni aliyekuja alilazimika kusomewa.

Ndiyo miaka ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Majirani wengi walikuwa wamekwisha kushuka bondeni, kwenye nyumba zilizopangwa mistari. Shamba la baba lilikuwa karibu na kijiji kipya kiasi cha kuhesabiwa ndani, kwa hiyo viongozi waliachana naye. Mimi ndiye sikuachana naye. Kila Jumamosi nilimwomba aje tuishi wote Kibaha, nina chumba, nina kitanda cha pili. Kila Jumamosi alinijibu jibu moja.

"Siku nikishindwa kuzunguka miti tisa, mama, njoo unichukue. Kabla ya hapo usinisumbue."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nilikubali. Tukapeana mikono kama watu wanaouziana mbuzi.

Niligundua kwenye mti wa tano. Alirusha, kisha akauliza, "Kimegonga?" Baba hakuwahi kuuliza. Zamani kabla kisahani hakijatua alikuwa ameshaanza kujisifu au kujitetea. Nikamtazama usoni, nikaona mboni zimeingia weupe. Tulipomaliza nikamwambia twende hospitali. Tulikwenda, wakasema ni mtoto wa jicho. Aliposikia habari ya kisu aliinuka kwenye benchi akatoka nje, akaanza kutafuta basi.

Tangu hapo alitunga sheria mpya, akaitangaza kama mwenye nchi: mchezaji mmoja asimame kwenye mti apige makofi, mwingine arushe. Alisema inachangamsha mchezo. Nikapiga makofi kwenye miti tisa, Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, viganja vikiwaka moto. Lakini Jumatatu nilikuwa Kibaha. Majirani waliniambia siku za kazi wanamwona anapapasa majanini nusu saa nzima akitafuta kisahani, na kwamba mara mbili alimaliza miti mitano tu akarudi nyumbani. Mwenyewe hakuniambia. Alijua tulichoahidiana.

Nilimhurumia. Hapa naomba nieleweke, maana yaliyofuata yote yalitoka kwenye huruma ile. Mtu niliyetaka ahame, niliyemsumbua ahame, ghafla nilitaka ashinde. Nilitaka azunguke miti yake tisa hata siku ambazo sipo.

Kwenye stoo ya kanisa kulikuwa na nusu ndoo ya chokaa iliyobaki walipopaka kuta kwa ajili ya Pasaka. Jumapili moja baba alikwenda mazikoni kijiji cha pili. Nikaiomba chokaa, nikaikoroga, nikafunga nyasi kwenye kijiti. Kila mti niliuvalisha pete nyeupe, pana kama khanga iliyokunjwa mara mbili, usawa wa kifua changu. Nilifumba macho nusu ili nijaribu kuona kama yeye. Pete ilionekana. Shina lilipotea, majani yalipotea, pete ilibaki. Nikacheka peke yangu. Sikumngoja arudi, kwani ningekosa gari la mwisho la kunivusha mpaka Kibaha. Nilinawa mikono, nikaondoka, nikijua Jumamosi atanisimulia.

Mchapaji hasomi. Asiyefanya kazi ile haelewi. Macho yanakwenda kwenye herufi, vidole vinafuata, na maneno yanapita kama abiria usiowajua. Siku chache kabla ya Jumapili ile nilikuwa nimechapa stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, ya waraka wa kwenda vijiji kadhaa vya Kisarawe, kuhusu njia ya magari itakayofika bondeni. Wapimaji watapita, waraka ulisema, na kila mti wenye alama ya chokaa ukatwe na wanakijiji kwa kazi ya kujitolea kabla wiki haijaisha. Nilisahihisha makosa mawili ya herufi. Nikaweka herufi mbili za jina langu chini kushoto, kama mchapaji anavyotakiwa, nikatoa nakala, nikazifunga, nikaenda kunywa chai.

Jumamosi niliposhuka garini nilipanda kilima upesi. Sikuuona mkorosho. Nilidhani nimekosea njia, nikasimama, nikarudi nyuma kidogo, nikapanda tena. Shina lilikuwa chini, pete yake imekatwa katikati. Nikakimbia mpaka wa pili, mpaka wa nne. Mafenesi mabichi yalitapakaa chini, utomvu umekauka juu yake. Mchungwa. Mkwaju ulikuwa umeangukia upande wa bonde na kutoka pale mji ulionekana wazi zaidi kuliko siku zote. Yote tisa.

Baba alikuwa ameketi mlangoni, kisahani magotini. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa naye, mtu mwema, ameshika kofia mkononi. Nilimwamkia baba, akaniitikia, sauti yake ya kawaida.

"Mwanangu, si sisi," mwenyekiti alianza kabla sijamuuliza. "Tumekata kwa machozi. Watu walibisha, wakasema mbona njia inapita chini, huku juu inatafuta nini? Lakini waraka ni waraka. Kila mti wenye chokaa. Na chokaa ilikuwepo, mbichi kabisa. Tungesema nini?"

"Nami nilibisha," baba alisema. "Wakanionyesha karatasi. Mimi na karatasi wapi siku hizi." Alininyooshea mkono. "Mpe mama anisomee. Yeye ni mtu wa ofisi."

Mwenyekiti akanipa. Niliijua kabla sijaifungua, kwa rangi ya wino wa ile mashine yetu mbovu. Nilimsomea baba, nikisimama, kutoka juu mpaka chini, sauti haikutetemeka, sijui niliitoa wapi. Nikasoma kichwa cha habari, nikasoma aya ya chokaa, nikasoma cheo cha aliyetia sahihi. Kushoto chini palikuwa na zile herufi mbili. Hizo sikuzisoma.

"Basi?" baba aliuliza.

"Basi."

Alikizungusha kisahani vidoleni. Kisha akauliza, bila hasira, "Lakini nani atakuwa alipaka miti yangu chokaa?"

Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Mikono yangu ilikuwa misafi, nilikuwa nimeinawa tangu Jumapili, hata hivyo niliificha nyuma ya mgongo.

"Sijui, baba," nikasema.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja. Yalinikamata pale pale mlangoni, ulimi ukiwa bado haujatulia kinywani, na bado sikuurudisha ule uongo. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia asubuhi.

Kumbe miti ile ilikuwa zaidi ya mchezo. Kwa kivuli chake, kwa harufu ya majani yake, kwa upepo ulivyolia ndani yake, baba alikuwa bado anajua yuko wapi. Baada ya kukatwa alipotea ndani ya shamba lake mwenyewe, shamba alilolifyeka kwa mkono wake kabla sijazaliwa. Jirani alimkuta bondeni, ameketi, anangoja asikie sauti ya mtu. Nilipofika Jumamosi iliyofuata alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake. Biblia, kisahani, shuka mbili.

"Nimeshindwa, mama," alisema. "Nichukue."

Aliishi nami Kibaha, chumba kimoja, kitanda cha pili. Miaka michache. Hakulalamika hata mara moja, na afadhali angelalamika. Mchana alikaa kwenye mkeka nje ya mlango, akiwatambua wapita njia kwa nyayo. Kisahani hakukirusha tena. Watoto wa majirani walipokiomba aliwaambia ni kawa la chakula.

Jioni moja nilikuwa nachambua mchele karibu naye. Alikuwa amekwisha kudhoofika, anaongea kidogo.

"Mama."

"Abee."

"Jumatatu ile nilizunguka miti yote tisa."

"Jumatatu ipi, baba?"

"Jumatatu ya chokaa." Alitabasamu, uso umeelekea barabarani. "Mitupo ishirini na miwili. Hata nilipokuwa naona sikuwahi kushuka chini ya thelathini. Nikitoka kwenye mti huu naiona pete ya ule, nyeupe, safi. Mfenesi niliupiga mara moja tu, shina lenyewe. Jumanne nikapata ishirini na tano. Nilikuwa nahesabu siku ufike nikuambie. Jumatano ndiyo wakaja na mashoka."

Mchele ulikuwa umeanza kunimwagikia mapajani.

"Ulijua ni mimi?"

"Pete usawa wa kifua chako. Nani mwingine?"

"Na mbona hukusema?"

"Ulisema hujui, mama," alijibu. "Nikangoja."

Nikamwambia hapo ndiyo, ni mimi, baba, nisamehe. Akapapasa mpaka akanipata bega, akauacha pale mkono wake mpaka giza lilipoanza kuingia. Alidhani nimemwambia yote. Habari ya karatasi sikuiweza. Nilimpikia wali, akala vizuri, na masika ya mwaka ule nikamzika Kisarawe, karibu na kisiki cha mchungwa.

Taarifa yangu ya uwanja niliikuta ndani ya Biblia yake, imechakaa kwenye mikunjo. Mti wa kwanza ni aibu. Chini kushoto nilikuwa nimeweka herufi zangu mbili, kwa mazoea, kama kwenye ule waraka.