Shangazi Aliyefungua Mafurushi

Mwanangu, kuna siku moja ambayo mpaka leo naiona mbele ya macho. Ilikuwa zamani za Wabelgiji, tunakaa mtaa wa Kasha, na mama yetu tumetoka kumzika. Matanga yameisha, vichwa vyetu vimenyolewa, na ndugu za baba wamekaa ndani wanatugawana. Ndivyo ilivyokuwa. Walisema mwanaume hawezi kulea peke yake. Mimi niende Minova kwa tonton Kalinda, kaka wa baba, Bahati mdogo wangu aende Mwenga kwenye machimbo ya dhahabu, na Zawadi, aliyekuwa ameanza tu kutembea, apelekwe kijijini. Mafurushi yetu yalikuwa tayari karibu na mlango. Baba yangu Mugisho, fundi wa mbao, aliinamisha kichwa.

Ndipo akaingia shangazi Nabintu, dada mdogo wa baba. Yeye alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja wa Uvira, ilibaki tu kupelekwa. Hakusalimu mtu. Alipiga magoti, akafungua furushi langu, akarudisha nguo kwenye sanduku. Halafu la Bahati. Halafu la Zawadi.

Tonton Kalinda akamcheka. "Nabintu, utaozea hapa kama kisiki. Wenzako wanaenda, wewe uko palepale."

"Niko palepale," shangazi akajibu. "Hawa batoto bakitawanyika, watakutana tena kwa nani?"

 Hapo akasema tonton Ntwali, askari, mtu wa utani sana.

"Kalinda, acha. Kule kambini tukigeuka mustari muzima, iko mutu mumoja wa pembeni, yeye haendi, anapiga tu miguu pahali pake. Tunamuita pivo. Siku moja pivo alitembea, tukaangukiana kama mbuzi."

Wakacheka, na baba akainua kichwa. Akasema hata mlango uko na pivo yake, kile chuma cha chini ambacho ubao wote unakizungukia, na mwenye nyumba hakioni mpaka siku kimeoza. Bibi mmoja naye akaleta habari za karani wa jirani, ambaye munganga wa meno alimwekea jino la pivo, lile la bandia linalosimama juu ya kijiti cha chuma, na sasa anacheka hata kwenye misa. Maneno yakaenda huko, na hakuna aliyetutaja tena; tukabaki wote kwa baba.

Mwalimu wa Uvira alioa mwingine. Nilimwona shangazi akilia mara moja, anaosha vyombo. Kisha akauliza tunataka kula nini. Baadaye alimpata Papa Leonardi wa Nyalukemba, aliyefiwa na mke, akamkubali kwa sharti moja: ahamie kwetu. Watu walisema sana. Papa Leonardi akaja na kitanda chake kichwani.

Bahati alikuja kuwa dereva, akafika mbali. Zawadi alisomea uuguzi. Mimi niliolewa. Lakini Noeli ilikuwa kwa shangazi, na alipokata roho tulikuwa watatu kando yake, tunajuana kwa kicheko na kwa kukohoa, kama watu waliolala mkeka mmoja.

Basi mwanangu, katika ukoo wako yuko mtu aliyebaki ili nyinyi muende. Usimwite mtu aliyekwama. Mtafute, mshukuru angali anasikia. Na kama ni wewe uliyebaki, usijidharau, wapo watu wanaosimama kwa sababu yako.

Mungu akulinde unakokwenda, na akuachie daima mtu nyumbani wa kukuuliza umekula nini.